Mandhari si Pambo

Katika muhula huu umezuka ubishi mabwenini, na nasikia hata katika chumba cha walimu, juu ya shauri la kuanzisha chama cha reli ndogo katika shule yetu. Wako wasemao kwamba huo ni mchezo wa watoto wa Ulaya na Marekani walioshiba, na kwamba mwanafunzi aliyeletwa shuleni kwa jasho la wazazi wake hana nafasi ya kuchezea gari la moshi la kitoto. Wako na wengine wasemao kwamba shauri ni jema, ila fedha ikipatikana inunuliwe injini moja ya umeme na mabehewa matatu, yazungushwe juu ya meza Siku ya Wazazi, watu wapige makofi, basi.

Mimi sikubaliani na hawa wala na wale. Maoni yangu ni kwamba chama kianzishwe, lakini kianze na ardhi, si na gari. Mlima, bonde, mto, udongo, nyasi, mwembe wa stesheni na nyumba ya mkuu wa stesheni, hivyo ndivyo vyenye elimu ndani yake. Gari laweza kungoja mwaka mmoja, au hata miwili.

Kwa wale wasiopata kuona kazi hii, yafaa nieleze kwa ufupi. Reli ndogo ya nyumbani ni mfano wa reli ya kweli uliopunguzwa kwa kipimo maalum. Kipimo kilichoenea zaidi duniani ni cha 1 kwa 87, yaani kila sentimita 87 za kweli huwa sentimita 1 mezani. Mtu mwenye urefu wa sentimita 174 huwa na sentimita 2 tu. Mti wa mita 26 huwa na sentimita 30. Na kwa kuwa reli nyingi za Ulaya na Marekani zina upana wa milimita 1,435, mezani upana huo huwa milimita 16 na nusu.

Sasa tufanye hesabu nyingine, maana hapo ndipo ugumu unapoanza. Kilometa moja ya kweli yataka mita 11 na nusu mezani. Nani ana chumba cha namna hiyo? Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ungekuwa na kimo cha karibu mita 68, na hakuna paa la ukumbi wa shule litakaloukaribia. Katika chumba cha kawaida kona ya reli aghalabu huwa na nusu-kipenyo cha sentimita 60 hivi. Zidisha kwa 87, utapata mita 52. Gari kubwa la masafa marefu haliwezi kukata kona kali kama hiyo na kuendelea na safari yake kwa amani. Basi reli yoyote ya nyumbani, hata iwe nzuri namna gani, ni uwongo kwa hesabu.

Hapo ndipo mandhari inapoingia kazini. Wengi hudhani kwamba mandhari ni pambo la kutiwa mwisho, kama maua mezani wageni wakija. Sivyo. Mandhari ina kazi tatu. Kwanza, hufunika lile lisilowezekana: kona kali hupitishwa nyuma ya kilima au ndani ya tundu la mlima, jicho lisiione. Pili, hugawa safari. Gari likitoka stesheni, likapotea nyuma ya miti, kisha likatokea bondeni mahali pengine, mtazamaji huona kwamba limekwenda mbali, ingawa limekwenda mita mbili tu. Tatu, na hii ndiyo kubwa, mandhari hutoa sababu. Reli ya kweli haipindi bila sababu. Hupinda kwa kuwa mbele kuna kilima, au kwa kuwa mteremko ni mkali mno, au kwa kuwa mto hauvukiki pale ila hapa. Mto ulikuwapo kabla ya daraja. Mtu aliyeweka daraja juu ya ubao mtupu, kisha akapaka rangi ya buluu chini yake, hakujenga mto. Kila atazamaye ataona kwamba daraja lile halina kazi.

Kwa ajili hii mafundi wenye akili hawaanzi na ubao bapa kama meza ya kulia chakula. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Model Railroader la Marekani tangu mwaka 1961, aliwafundisha wasomaji wake kuunda fremu ya mbao iliyo wazi, na reli kuinuliwa juu yake kwa vigingi. Faida yake ni kwamba ardhi yaweza kushuka chini ya reli kama inavyopanda juu yake. Tazameni tuta lolote la reli ya kweli: upande mmoja mwaona ukuta wa udongo uliokatwa, upande wa pili mwaona bonde. Ubao bapa hauna bonde.

Nitataja watu wawili waliofanya kazi hii vizuri kupita wengi, kwa njia mbili zilizo mbali, kisha nitasema ni yupi kati yao atufaaye sisi.

Wa kwanza ni John Allen, mpiga picha wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1913 na kuishi Monterey katika California. Reli yake aliijenga chini ya nyumba yake, akaipa jina la mzaha, Gorre & Daphetid, ambalo likitamkwa Kiingereza lasikika kama maneno yenye maana ya “mwenye damu tele na aliyeshindwa”. Milima yake ilitoka sakafuni ikapanda hadi karibu na dari, na mtazamaji alipita katikati yake kama mtu apitaye korongoni. Allen alijua hila za jicho. Vitu vya mbele alivifanya vikubwa na vya mbali akavifanya vidogo, ili ukuta uonekane kama upeo wa nchi. Mahali pengine alificha kioo, na barabara fupi ikawa ndefu mara mbili. Majengo yake hayakung'aa. Yalikuwa na kutu, masizi, mbao zilizopauka na mapaa yaliyobonyea, kwa kuwa alijua kwamba kitu kikaacho nje hupigwa na jua na mvua. Wala hakukosa ucheshi, maana katika stesheni yake moja kazi ya kusukuma mabehewa ilifanywa na mnyama mkubwa wa kale mwenye magamba mgongoni, aitwaye Emma.

Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi ile ya miaka mingi. Zilisalia picha, na yalisalia mafunzo. Mtu mvivu wa kufikiri atasema: basi kazi yake ilikuwa bure. Lakini hata leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, watu wajengao reli ndogo wajifunza kwake jinsi ya kutazama jabali. Kazi haihesabiwi kuwa bure kwa sababu vitu vyake vimeungua.

Wa pili ni Roye England. Huyu alizaliwa Australia, akafika Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana. Akalipenda bonde liitwalo Vale of White Horse, lenye vijiji vya nyumba za zamani zilizoezekwa kwa majani. Akaona nyumba zile zaanza kubomolewa na kugeuzwa, na watu wa pale hawajali, maana mtu haoni thamani ya kitu akionacho kila siku. Mgeni ndiye aliyeona. Hakuwa na uwezo wa kuzinunua nyumba wala kuwazuia wenyewe. Akafanya lile aliloliweza: akazipima na kuzichora, akazijenga upya kwa kadibodi na karatasi katika kipimo cha 1 kwa 76, moja moja, kila moja kwa sura yake. Wengine wakajiunga naye. Mwaka 1954 ukawa mwanzo wa makumbusho yao yaitwayo Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham. England alifariki mwaka 1995, lakini watu wa kujitolea waliendelea na bonde lile. Nyumba moja yaweza kumchukua mtu miezi mingi. Bustani zake zina mboga, na mashamba yana nyua zake. Mtu atakaye kujua bonde lile lilikuwaje kati ya vita viwili vikuu vya dunia, aweza kwenda kulitazama.

Basi yupi atufaaye? Allen alijenga nchi isiyokuwako popote, England alijenga nchi iliyokuwako. Kwa ufundi sithubutu kumpa mmoja ushindi. Ila kwa mwanafunzi aanzaye, nasema tumfuate England. Allen aliweza kubuni kwa kuwa alikwisha kutazama miamba na majengo kwa miaka mingi, akiwa na jicho la mpiga picha. Anayeanza akibuni, hubuni kile alichokiona katika picha za watu wengine. Ndiyo sababu waona reli ndogo za nchi nyingi zafanana: misonobari ileile, nyumba zilezile za mapaa ya kuchongoka, zote zimetoka dukani ndani ya kijisanduku. Hakuna ubaya mtu kununua mti. Lakini msonobari wa Ujerumani hauoti kando ya stesheni ya Itigi, na mwenye kuupanda pale amekiri kwamba hakupata kutazama dirishani aliposafiri.

Tuna reli zetu, nazo zina historia. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Zote ni za upana wa mita moja. Tangu mwaka 2024 magari ya umeme yapita baina ya Dar es Salaam na Dodoma katika reli mpya ya milimita 1,435, na abiria wengi wa sehemu hizo hawana haja tena ya kupita katika stesheni ndogo za zamani. Nafurahia reli mpya kama wengine. Lakini kitu kikipoteza kazi yake hakikawii kupoteza bati lake, kisha milango, kisha kuta. Wazee waliofanya kazi relini, wale wajuao tangi la maji lilikuwa upande gani na kengele ilitundikwa wapi, hawatatungoja. Nani ataziandika stesheni hizo? Kitabu cha historia hutaja mwaka reli ilipofika, hakitaji kimo cha jukwaa wala rangi ya dirisha. Mfano mdogo uliopimwa sawasawa huyataja yote mawili, maana mjengaji halazimiki kuwa mwandishi hodari, yalazimu tu asidanganye.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kila kidato kipewe ubao mmoja wa sentimita 120 kwa 60. Kwa kipimo cha 1 kwa 87, ubao huo ni sawa na mita 104 kwa mita 52 za kweli, nafasi itoshayo stesheni ndogo moja, kipande cha reli, mti wa kivuli, na wauza ndizi wawili watatu. Upana wa mita moja utakuwa milimita 11 na nusu. Kila kidato kichague mahali pamoja pa kweli, na mbao zote zifanywe za kimo kimoja, ili siku moja ziunganishwe na gari lipite juu yake. Gari likichelewa, hapana hasara, maana stesheni bila gari ni stesheni bado.

Vifaa havitatushinda. Vipande vya kadibodi husukwa kama jamvi juu ya fremu kwa umbo la kilima, magazeti yakafinyangwa na kushindiliwa mahali palipo wazi, kisha juu yake hutandazwa karatasi laini zilizochovywa katika jasi iliyokorogwa, ile waitumiayo mafundi wa dari. Ikikauka huwa ganda gumu, jepesi kubeba. Ambaye hana jasi aweza kutumia magazeti na uji wa ngano, ila ajue kwamba huchelewa kukauka na mende huupenda sana. Udongo utoke palepale mahali panapoigwa, ukaushwe, ukachekechwe kwa kitambaa chepesi, kwa maana hakuna rangi ya dukani iujuayo wekundu wa udongo wetu kama udongo wenyewe. Hushikizwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, na tone moja la sabuni ndani yake. Mwanafunzi wa Fizikia na aeleze kwa nini bila sabuni maji hukaa juu ya vumbi kama shanga, na yakitiwa sabuni huzama mara moja. Miti hutengenezwa kwa waya mwembamba uliosokotwa, majani yake ni dodoki lililokatwakatwa na kutiwa rangi. Nyasi kavu ni nyuzi za katani. Mto hupakwa rangi kwanza, nzito katikati na hafifu kando, kisha vanishi hutiwa juu yake tabaka kwa tabaka, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Milima ya mbali huchorwa ukutani kwa rangi iliyopauka yenye ubuluu kidogo, maana hewa iliyo katikati ndiyo inayoipausha, jambo ambalo kila mmoja wetu huliona kila asubuhi bila kulifikiri.

Jambo moja la tahadhari. Asiende mtu kupima relini kwa ujasiri wake. Reli ni mahali pa hatari na ni mali ya watu. Twende na mwalimu, tumwone mkuu wa stesheni kwa heshima, tueleze haja yetu, na tukikatazwa tupime kwa macho tukiwa jukwaani. Wazee wa hapo tuwaulize, tuwasikilize hata wakitoka nje ya swali, maana huko nje ya swali ndiko mara nyingi habari iliko.

Sasa niwajibu wapinzani, maana hoja zao si za kudharauliwa. Wasema ni ghali. Kweli, injini ni ghali, nayo hutoka ng'ambo, ndiyo sababu nimesema ingoje. Kadibodi, magazeti, udongo, katani na dodoki si ghali. Jasi, gundi na vanishi zitataka mchango mdogo, nao sharti uandikwe daftarini na kusomwa mbele ya wote. Wasema kwamba itakula saa za masomo. Itakula, tukiiachia. Basi ipewe Jumamosi alasiri peke yake, baada ya kufua, na mwenye kuikimbilia wakati wa masomo ya jioni afukuzwe chamani. Wasema kwamba haimo katika mtihani. Hapo nawauliza: ni somo gani katika Jiografia lililo gumu kwetu kuliko ramani ya miinuko? Wengi wetu twazikariri zile duara za mistari bila kuona kilima ndani yake. Mtu aliyekata kadibodi kwa kufuata kila mstari, akazipanga moja juu ya nyingine hadi kileleni, hatakariri tena.

Wasemao kwamba ni mchezo tu, siwakatalii neno lao, nakataa kule kulidharau. Mchezo ufundishao subira na kweli ni mwalimu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika kazi hii neno hilo si fumbo, kwa kuwa mfano mzuri hautazamwi kutoka juu kama ndege. Huna budi kuinama hadi jicho liwe sawa na jukwaa, na hapo ndipo uonapo kama mjengaji alisema kweli au alikisia. Ukuta uliokisiwa hujulikana, na mti uliokisiwa pia.

Mimi ni wa Kidato cha Nne. Mtihani ukiisha nitaondoka, na kama gari litapita juu ya mbao hizo, halitapita machoni pangu. Sijiombei. Namwomba Mheshimiwa Mwalimu Mkuu atupe lile ghala lililo nyuma ya karakana, ambalo sasa lina madawati yaliyovunjika, na madawati hayo tutayatengeneza kwanza kama kodi ya chumba. Nawaomba walimu wa Jiografia, Fizikia na Historia watupe kila mmoja alasiri moja ya ushauri. Nawaomba wazazi wetu, hasa wale waliopata kufanya kazi relini, watuandikie kabla ya kufunga muhula wakitaja stesheni waliyoijua, majengo yake yalivyopangwa, na ni mti gani uliokuwa karibu na jukwaa.

Na ninyi ndugu zangu wa vidato vya chini, mtakaporudi nyumbani likizo hii, wengi wenu mtapita penye reli. Chukueni daftari na penseli. Hesabuni madirisha ya stesheni, andikeni rangi ya bati, tazameni maji ya mvua hukimbilia upande gani. Mkirudi na kurasa tatu za kweli, chama kitakuwa kimekwisha anza, hata kabla ya kupewa chumba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne